Mwanya Chini ya Benchi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, taa ya karakana ilikuwa tayari inawaka. Rula aliiona kupitia dirisha la jikoni, sufuria ya maji ya chai ikiwa mkononi. Kwa kawaida taa ile haikuwashwa kabla yeye hajaondoka kwenda shule. Ikiwashwa mapema, maana yake ilikuwa moja tu: siku hiyo kuna bamba la chuma la kukatwa.

Jina la Rula alipewa darasani, kwa sababu hakuweza kupiga mstari hata chini ya kichwa cha habari bila rula, nalo likamfuata mpaka nyumbani. Alifagia ua, akakinga maji, akapanga vikombe vitatu mezani: cha mama, cha mjomba na chake. Kazi hizo alizifanya kila siku bila kuzifikiria. Asubuhi hiyo alimwaga maji mara mbili.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mama alibuni samani za bamba: viti, rafu, meza na mabenchi. Hakuunganisha vipande vingi. Alichukua bamba moja, akalikunja kama mtu anavyokunja karatasi, mpaka likawa kitu cha kukalia. Mama alichora kwa penseli. Rula, aliyejifunza kompyuta shuleni na kuipenda kuliko somo lolote, aliingiza vipimo vya mama kwenye kompyuta na kuugeuza mchoro kuwa picha: chuma chenye rangi yake, mwanga wa dirisha juu yake, kivuli chake sakafuni. Picha zilikuwa nzuri kiasi kwamba mteja mmoja aliwahi kuuliza kiti cha pichani kiko chumba gani, ili aende akakijaribu.

Mashine ya kukunjia ilichukua nusu ya karakana. Ilikuwa na mataya mawili. Taya la chini lilikaa kama meza. La juu lilikuwa pau ndefu, nene kama vidole viwili, iliyofungwa kwenye nguzo katika ncha zote mbili. Bamba liliingizwa katikati, likabanwa, kisha mjomba akainua mkono wa mashine, na sehemu iliyobaki nje ikasimama wima. Kwa kuwa taya la juu lilifungwa ncha zote, kitu kilichokunjwa kulizunguka hakikuweza kuchomolewa kwa pembeni. Kilitoka kwa njia moja tu, kupitia mwanya ulioachwa kati ya kingo zake. Mwanya ukiwa mwembamba kuliko taya, kitu hicho kilinasa.

Mjomba alilijua jambo hilo kwa mwili wake. Zamani, katika karakana nyingine, bamba lilinasa, akajaribu kulivuta kwa nguvu, likafyatuka. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kinaishia kwenye kiungo cha kati. Tangu siku hiyo, kabla ya kila kunjo, alisema “ngoja kwanza” na kuizunguka mashine kwa macho. Mtaa mzima ulimwita Ngoja.

Kwa sababu hiyohiyo mama alitengeneza kimashine cha mezani: kipande cha chuma kilichochomelewa ncha zote mbili juu ya viguzo viwili, unene wake ukilingana na wa taya kwa kipimo cha moja kwa tano. Walikiita Mtoto. Kila samani, kabla mteja hajaonyeshwa picha, ilikatwa kwanza kwa karatasi ya manila na kukunjwa juu ya Mtoto, kunjo baada ya kunjo. Karatasi ikitoka salama, walisema Mtoto ameshiba. Ikinasa, mchoro ulirudi mezani.

Jumamosi iliyopita kazi ilikuwa benchi la kliniki ya watoto. Lilihitaji bamba moja na makunjo manne ili kupata kiti juu, ubavu wa mbele, ubavu wa nyuma, na midomo miwili inayoingia chini kukabiliana. Kati ya midomo hiyo mama aliacha mwanya wa vidole vitatu. Rula aliweka rangi ya kijani, akaweka dirisha, akaweka mtoto mdogo wa kuchora ameketi na viatu vyake vinaning'inia. Lakini benchi lilipotazamwa kwa upande wa mwisho wake, ule mwanya ulionekana mweusi, kama pengo la jino. Akairefusha midomo kidogo. Pengo likapungua. Akairefusha tena, mpaka ukabaki mstari mwembamba kama wa penseli, na picha ikapendeza.

Mama alipita nyuma yake na kuinama mbele ya kioo cha kompyuta.

“Hapa chini umebadilisha.”

“Kidogo tu, mama. Ilikuwa inaonekana vibaya.”

“Mtoto ameshiba?”

Karatasi ya manila ilikuwa rafuni, na mkasi kando yake. Rula alikuwa bado anarekebisha kivuli cha viatu.

“Ameshiba,” alisema.

Halikuwa jibu alilolipanga. Lilitoka tu, kama mtu anavyosema “salama” akiulizwa habari, hata kama kichwa kinamgonga.

Muuguzi mkuu wa kliniki alifika baada ya muda mfupi. Aliitazama picha kwa makini, akagusa kioo kwa kidole. “Hili ndilo,” alisema. “Fundi, nisije nikaletewa lingine. Nataka hilihili.” Mama akampa mkono. Kwao hilo lilikuwa limekwisha.

Sasa taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa uani ananawa uso. Rula aliingia karakanani, akachukua manila, akapima, akakata, akaanza kukunja juu ya Mtoto. Kunjo la kwanza, la pili na la tatu yalikwenda sawa. Baada ya la nne alijaribu kuitoa karatasi. Haikutoka. Aliipindua huku na huku, akaivuta, ikachanika.

Nyayo za mama zikasikika mlangoni. Rula aliisokomeza karatasi ndani ya mkoba wa shule.

“Unatafuta nini huku, mwanangu?”

“Penseli, mama.”

“Penseli iko sikioni mwako.”

Rula aliigusa. Ilikuwa hapo kweli.

“Hata chai haijanywewa,” mama alisema, akilikunjua turubai lililofunika bamba jipya. “Tunakata asubuhi hii. Mjomba wako anapeleka rafu upande wa pili wa mji, akirudi jioni tunakunja. Ukitoka shule utaona kunjo la mwisho.”

Jioni, Rula alijiambia. Alikuwa na siku nzima.

Darasani alikaa na rafiki yake, aliyepewa jina la Redio kwa sababu kinywa chake hakikuzimika. Kipindi cha hisabati kilipita bila Rula kuandika kitu. Mwalimu alimuuliza eneo la mstatili, akajibu mzingo. Darasa likacheka. Yeye alikuwa anaona midomo miwili ya chuma ikikaribiana.

“Una nini wewe?” Redio alimuuliza wakati wa mapumziko. “Tangu asubuhi umekishika kifutio kama umeshika yai.”

Rula alifungua mkoba na kumwonyesha karatasi iliyochanika. Alieleza taratibu, kwa sababu Redio alikuwa hajawahi kuiona mashine ikifanya kazi. Alieleza mwanya, taya, na neno “ameshiba”.

“Basi sema mashine ina kasoro,” Redio alisema.

“Haina kasoro.”

“Kaa kimya, basi. Mama yako ni fundi. Ataona mwenyewe.”

Neno hilo lilimpa Rula nafuu kwa kitambo. Mama aliweza kuona mkunjo ulioenda upande kwa unene wa ukucha. Lakini alikumbuka kwamba mama alikuwa ameshaona. Alikuwa ameinama mbele ya kioo na kuuliza, na Rula akamjibu. Baada ya jibu lile hakuwa na sababu ya kutazama tena.

“Kwani anayekunja ni nani?” Redio aliuliza.

“Mjomba.”

Redio aliinua kidole chake cha shahada, akakikunja kwenye kiungo cha kati.

“Yule?”

“Huyohuyo.”

Redio alikinyoosha tena kidole, akakitazama.

“Mimi ningekuwa wewe,” Redio alisema hatimaye, “kengele ya mwisho isingenikuta nimekaa.”

Kengele ilipolia Rula alikuwa amesimama. Alikimbia kwa njia ya sokoni, mkoba ukimpiga mgongoni. Alijiambia kuwa bado ni mapema na mjomba hajarudi, kwamba atamkuta mama peke yake akipanga zana, na atasema polepole.

Mkokoteni wa kubebea rafu ulikuwa umeegemezwa ukutani, mtupu. Mjomba alikuwa amerudi.

Rula alisimama mlangoni akihema. Bamba halikuwa bamba tena. Lilikuwa na kiti, mbavu mbili na mdomo mmoja uliogeukia ndani. Lilikuwa limelizunguka taya la juu kama mkono unavyozunguka shingo. Ulibaki mdomo wa pili, bado umenyooka. Mama alikuwa amebana mwisho mmoja. Mjomba alikuwa anafuta jasho la viganja kwenye suruali.

“Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mpwa wangu,” mjomba alisema. “Umekuja wakati wa nyama. Supu tumeshakunywa.”

“Mbona unahema?” mama aliuliza.

“Nimekimbia.”

“Umekimbilia nini? Benchi halina miguu, halitakwenda popote.” Mjomba alicheka mwenyewe, kisha akashika mkono wa mashine. “Ngoja kwanza,” alisema kwa desturi yake, akaanza kuizunguka mashine kwa macho. Alitazama nguzo, akatazama vibanio, akatazama miguu yake. Mwanya haukuwapo bado wa kutazamwa. Ungetokea mdomo ukishainuka.

Rula alifungua kinywa. Alichosikia kikitoka kilikuwa, “Nikuletee maji, mjomba?”

“Nikimaliza.”

Kidole kile kifupi kilijikunja juu ya mkono wa mashine. Chuma kilianza kulia, sauti ndogo ya kwanza.

“Ngoja,” Rula alisema.

Mjomba alidhani anataniwa. “Hilo jina langu, mpwa wangu, mimi ndiye nisemaye.”

“Ngoja, mjomba. Litanasa. Mtoto hakushiba.”

Mkono wa mashine ulisimama. Mjomba aliurudisha chini polepole, kwa mikono miwili, akaufunga kwa kipingo chake. Ndipo akarudi nyuma hatua moja, akaiweka mikono makwapani. Uso wake haukuwa na utani.

Mama hakusogea. “Jumamosi nilikuuliza.”

“Nilisema ameshiba. Sikukunja karatasi. Nimekunja leo asubuhi, ikanasa.” Aliitoa karatasi mkobani. “Nikaificha. Na penseli sikuwa naitafuta.”

Mama aliipokea karatasi, akaikunjua juu ya meza, akaunganisha mahali palipochanika. Alipima mwanya kwa kipimo cha milimita. Kisha akaenda kwenye mashine na kupima mdomo ambao haujakunjwa. Hakupandisha sauti, na kwa Rula hilo lilikuwa gumu kuliko makelele.

“Tulikuwa tumefika wapi?” mama alimuuliza mjomba.

“Mdomo ulishaanza kuinuka. Kiasi cha unene wa ukucha.” Mjomba alikitazama kidole chake kifupi. “Ningekwenda mpaka mwisho, dada. Kisha ningelivuta. Najijua.”

Rula alisubiri aambiwe aondoke karakanani. Badala yake mama alisogeza kiti.

“Kaa. Bamba likishakunjwa kwenye pembe kali halikunjuliwi, linapasuka. Kwa hiyo yaliyokwisha yamekwisha. Tuna mdomo mmoja ambao bado umenyooka, nao ni mrefu kupita kiasi. Tufanye nini?”

“Tuukate,” Rula alisema.

“Msumeno utalitetemesha bamba, na makunjo yaliyokwisha yatapinda. Fikiri tena.”

Rula alitazama karatasi. Alishika ukingo wa mdomo wake, akaufikiria ukiwa mfupi. Vidole vyake viliukunja ukingo, ukajirudia juu yake wenyewe, ukalala bapa kama pindo la sketi yake ya shule.

“Tuupige upindo,” alisema kwa sauti ndogo. “Ukingo ujirudie. Mdomo utakuwa mfupi, na mwanya utarudi.”

Mjomba alichungulia. “Na ukingo hautakata vidole vya watoto. Hilo sikulifikiria hata mimi.”

“Usimsifu bado,” mama alisema. “Rula, mlishe Mtoto. Mbele yetu.”

Rula alikata manila nyingine. Alipima kila mstari mara mbili. Alipiga upindo, akakunja la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Akashika karatasi na kuivuta chini. Ikatoka.

“Sasa nionyeshe mara ya pili,” mama alisema. Ikatoka tena.

Walifanya kazi mpaka jua likashuka nyuma ya ukuta. Waliliachia bamba kutoka kwenye taya kwa uangalifu, kwa kuwa mdomo wa pili ulikuwa bado umenyooka na njia ilikuwa wazi. Mjomba aliukunja ukingo, kisha akaulaza kwa nyundo ya mbao, pigo kwa pigo, mama akishikilia upande wa pili. Halafu wakalirudisha bamba mashineni. “Ngoja kwanza,” mjomba alisema, na safari hii aliizunguka mashine mara mbili. Aliinua. Mdomo ulisimama, ukageukia ndani, ukatulia mahali pake. Benchi likashuka kutoka kwenye taya bila kugusa chochote.

Mwanya ulikuwapo, mweusi, tena haukuwa katikati. Ulikuwa umeegemea upande mmoja.

“Halifanani na picha,” Rula alisema.

“Halifanani,” mama alikubali. “Sista wa kliniki alisema anataka lilelile. Tengeneza picha ya hili tulilonalo. Kesho utakwenda kuizungumza naye wewe mwenyewe.”

Usiku huo Rula hakupata usingizi wa maana. Kesho yake, baada ya shule, alimkuta muuguzi mkuu kwenye chumba cha kusubiria, ambako akina mama walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na wengine wamesimama na watoto mgongoni. Mama alibaki karibu na mlango.

“Shikamoo, sista.”

“Marahaba. Benchi langu limekwisha?”

Rula aliweka picha mbili mezani, ya zamani na mpya. Alieleza kuwa benchi la picha ya kwanza haliwezi kukunjwa kwa mashine yao. Alieleza kuwa alijua namna ya kuhakikisha, hakuhakikisha, na akasema amehakikisha. Alieleza hata kuhusu kidole cha mjomba.

Muuguzi alizitazama picha zote mbili kwa muda mrefu.

“Kwa hiyo ile nzuri ilikuwa ya uongo.”

“Ndiyo, sista.”

“Na hii yenye pengo?”

“Hii nimeipima kutoka kwenye benchi lenyewe.”

“Mtoto akipitisha mkono humu chini, atajikata?”

“Upande wa upindo, hapana. Upande mwingine mjomba anausaga kwa tupa.”

“Nitakuja kuupapasa mwenyewe,” muuguzi alisema. “Nikikwaruzika, silichukui. Sijali ni zuri kiasi gani.”

Njiani kurudi, walifika kwenye kona ya mtaa wao. Hapo mama alisimama.

“Sikiliza, mwanangu. Kukosea kipimo ni kazi ya kila siku kwetu. Mimi nimekosea, mjomba wako amekosea, ndiyo maana Mtoto yupo. Kosa la kipimo lina dawa. Lakini ninapokuuliza kama Mtoto ameshiba, sikusalimii. Mkono wa mjomba wako unakaa juu ya jibu lako. Muuguzi naye analiweka jina lake juu ya picha yako. Kama hujafanya, sema hujafanya. Neno ‘bado’ halijawahi kumkata mtu kidole.”

“Nimesikia, mama.”

“Na jana ulisema kabla mkono wa mashine haujafika juu. Ulichelewa, lakini ulisema. Hilo nalo nimelipima.”

Siku iliyofuata muuguzi mkuu alikuja karakanani. Hakulitazama benchi kwa juu kabisa. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akapitisha kiganja chake ndani ya mwanya, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwenda na kurudi. Mjomba alisimama kando, tupa bado mkononi, bila kusema ngoja. Muuguzi alitoa mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akautazama kidole kwa kidole.

Ulikuwa mzima.

“Lipakeni rangi,” alisema.

Benchi lilifikishwa kliniki likiwa la kijani. Mtoto wa kwanza kulipanda alikuwa na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Aliketi katikati, akaingiza mkono chini ya kiti, akaupapasa upindo, kisha akautoa mkono wake na kuuweka mapajani.